Uwanja wa Jua na Kichwa cha Samaki

Hapana, ndege yetu haikutua majini.

Naanza na hilo kwa sababu hadithi ya Papa, baba yangu, imezunguka Kisangani haraka kuliko mimi. Jumamosi nilipoingia kwenye kikao chetu cha kusoma, kabla hata sijavuta kiti, mlitaka kujua kama ni kweli kule India ndege hushuka juu ya mto. Mmoja wenu, nisiyemtaja kwa heshima ya mashairi yake, aliuliza kama abiria tuligawiwa makasia. Nikaahidi kuandika yote yalivyokuwa. Nimejaribu kuandika kwa haki, ingawa si rahisi, maana katika kesi hii Papa ni upande mmoja na mimi ni upande wa pili.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu: Papa ni mvuvi wa Wagenia. Pale kwenye maporomoko, mto unapopasuka juu ya mawe, wazee wetu walisimamisha miti mikubwa, wakaifunga kwa kamba za kekele, wakaning'iniza nasa, vile vikapu virefu kuliko mtu ambavyo midomo yake hutazama mkondo. Mvuvi huipanda miti hiyo kama wengine wanavyopanda ngazi za ofisi. Papa aliipanda tangu utoto. Kisha mwaka mmoja kipande cha mti kilimrukia usoni, na miaka iliyofuata utando mweupe ukajijengea nyumba ndani ya macho yote mawili. Akabaki na mwanga na giza tu. Alijua mlango ulipo, na alijua mto unapong'aa. Siku alipokosa hatua juu ya miti na kudakwa shati na mdogo wake, Tonton Faustin, ukoo mzima uliketi ukamwambia ashuke. Akashuka. Tangu hapo alikaa juu ya jiwe akifuma nasa kwa vidole, na kila jioni alirudia sentensi moja: Faustin anafunga vizuri, nasikia kwa sauti ya kamba.

Hakuna aliyemuuliza kamba husikikaje.

Daktari wa hapa mjini alisema kuna hospitali ya macho Kochi, kusini mwa India, ambako jicho la kulia pengine lingeokolewa. Pengine. Tulisafiri na neno hilo kama mzigo wa mkononi, ule usiotaka kuuachia mtu mwingine. Papa hakusema mengi. Alisema tu kwamba akipata hata jicho moja atarudi kwenye miti, na asipopata, basi tusimsikie mtu akimwonea huruma. Habari za karatasi na mihuri nawaachia wanaopenda mateso.

Bangboka, mvua ikitangulia

Jirani alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, Papa mbele, mimi nyuma na furushi la Mama. Mama hakuamini kwamba India kuna chakula. Alikuwa amefunga samaki wa moshi ndani ya majani, chikwangue ya muhogo, na lituma ya ndizi ya kutosha kulisha kwaya nzima pamoja na mpiga ngoma.

Mvua ilifika kabla yetu. Ilimwagwa, haikunyesha. Wakatangaza kwamba ndege ingesubiri Kinshasa mpaka anga litulie, basi tukatoka tukaingia kwenye malewa ya karibu, kibanda cha chakula chenye mabenchi mawili na groupe ndogo, yaani jenereta, iliyotetemeka nyuma ya ukuta kama mbwa mwenye homa. Papa alitabasamu alipoisikia. Kwa mtu asiyeona, Kisangani ya jioni ni ramani ya majenereta: panapounguruma kuna taa, bia baridi na watu; panaponyamaza ni giza. Husema kwamba mwanga una sauti, na mimi, niliyekulia hapa, sikuwahi kuwaza kwamba inaweza kuwa vinginevyo.

Kwenye benchi la pili alikaa Mama Charlotte, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka magunia ya mbinzo Kinshasa, wale viwavi waliokaushwa ambao huko hulipiwa kama dhahabu. Alituhoji mpaka akajua ugonjwa wa Papa kuliko daktari.

"Papa, unakwenda kutafuta macho," alisema. "Na siku utaona vile mama ya watoto amezeeka?"

"Ndiyo maana natembea na mutoto," Papa akajibu. "Mama yake nimemuacha apake mafuta kwanza."

Mama Charlotte alicheka mpaka benchi likalalamika. Lakini Papa alipoinuka kunyoosha miguu, alinivuta mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba safari ni ndefu, na mtu asiyeona akisafirishwa kimya anakuwa gunia. Donc, akasema, weye ndiyo macho yake, umuambie kila kitu. Akanitia konzi ya mbinzo mfukoni kama mshahara wa kazi hiyo.

Niliianza mara tu ndege ilipoondoka. Papa alikaa dirishani kwa sababu mwanga ndio uliobaki wake. Nilimweleza msitu ulivyotandikwa chini yetu kama nguo ya kijani ambayo Mungu aliisahau kwenye kamba, na mto ukipita katikati kama mkunjo wa—

"Mama," alinikatiza. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mi nimekuuliza nini iko chini. Weye unaniimbia."

"Miti, Papa."

"Bon. Miti." Akaegemea, ameridhika.

Addis Ababa, ngazi zinazotembea

Kinshasa tulilala kwa binamu yangu, aliyetuonya kwamba samaki wa moshi hawezi kufika India. Papa alisema samaki huyo amepita maporomoko, atapita na mahali pengine. Alifika Addis Ababa, na hapo, kwa kweli, ndipo alipoishia.

Tulikuwa na muda mrefu wa kungoja ndege ya pili. Nikamwonyesha Papa ngazi zinazotembea, au tuseme nilimwekea mguu juu yake. Aligutuka, akashika ukingo, akatulia. Alipanda akiwa wima kabisa, kidevu juu. Kule juu akaniomba turudi chini. Chini akaomba tupande tena. Mara ya tatu nilimwambia watu wanatutazama.

"Watazame," alisema. "Hapa hakuna ukoo."

Ndipo nilipoelewa kwamba kilikuwa kitu cha kwanza, tangu siku ya shati, kumpandisha juu bila mtu kumkataza. Tukapanda mara nyingine kadhaa. Mfanyakazi wa usafi aliyekuwa karibu alianza kutusalimu kila tulipopita.

Njaa ilipotushika tuliketi kwenye mkahawa, meza moja na mama wa Kiethiopia aliyevaa shuka jeupe, akisafiri kwenda kwa wajukuu zake. Nilinunua injera, ule mkate wao mpana, laini, wenye matundu madogo. Nikageuka kuchukua maji. Niliporudi, Papa alikuwa ameuinua, ameuona ni baridi na una unyevu, na kwa adabu zote za mtu aliyewahi kukaribishwa vizuri alikuwa anaufutia uso. Alimaliza na shingo. Kisha akaukunja, akauweka pembeni, akauliza chakula kinakuja lini.

Yule mama aliziba mdomo kwa shuka lake, lakini mabega yalimsaliti. Nilipomweleza Papa alichofanya, alisema ni kitambaa kizuri, na kama pia kinaliwa ni bora zaidi. Mama yule akamega kipande cha injera yake, akachota mchuzi wa dengu, akanyoosha mkono mpaka kwenye midomo ya Papa.

Papa akarudisha kichwa nyuma. "Ananilisha juu ya mi sioni?"

Nilitazama huku na huku kutafuta jibu, nikalipata meza ya jirani. Huko vijana wawili wanene wenye macho mazima walikuwa wanalishana matonge, na baba mmoja alikuwa anamlisha mkewe. Nikamwambia Papa kwamba hapa kila mtu analishwa, ni heshima ya mezani. Aliwaza, akafungua mdomo. Kisha akaomba furushi letu, akalifungua, akachambua miiba ya samaki wa moshi kwa vidole vyake visivyokosea, akanyoosha tonge hewani kuelekea sauti ya mama yule. Alifika karibu na sikio. Mama akageuza kichwa, akalipokea.

Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na walikula samaki wote.

Kochi, mara ya kwanza

Mumbai tulipita na usingizi. Nakumbuka zulia na foleni. Ndege ya mwisho ilikuwa ya asubuhi, anga safi, na mimi nilikuwa tayari na kazi yangu: minazi, Papa, mapaa ya vigae mekundu, barabara yenye basi la kijani. Vitu, bila maua.

Kisha ndege ikainamisha bawa. Chini yetu, kando ya njia ya kutua, kulitokea uwanda mpana wa buluu iliyokolea, umenyooka na kutulia, na jua likaupiga kwa ghafla kiasi kwamba dirisha zima lilijaa mwanga. Papa alinishika kifundo cha mkono.

"Iko mayi," alisema, akimaanisha maji.

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimesoma habari za uwanja huu kabla ya kuondoka: ni paneli za jua, maelfu kwa maelfu, zimepangwa shambani safu kwa safu, na umeme wote wa uwanja unatoka humo.

"Mama. Mi nimezaliwa juu ya mayi. Hii mwanga naijua, iko ya mayi yenye kulala. Tunashuka juu ya mayi."

"Haiko mayi, Papa. Iko ma-panneaux."

"Weye uliangalia kwa kitabu. Mi naangalia kwa dirisha."

Mtu wa kiti cha mbele aligeuka kuona nani anagombana. Huwezi kushinda ubishi na mtu aliyekwisha kuamua kwamba macho yake mabovu ni mazima siku hiyo, basi nikamwambia tuweke dau. Akakubali mara moja. Akauliza nataka nini. Nami, kwa kiburi cha mtu mwenye hakika, nikasema kichwa cha samaki.

Msiotoka kwenye nyumba za wavuvi huenda hamjui nilichosema. Kwetu kichwa cha samaki mkubwa ni cha baba. Hakigawanywi, hakiombwi, na binti hakitazami sana. Tangu nizaliwe nimeliona shavu la samaki likitolewa kwa kidole cha Papa, nami sijawahi kulionja.

Magurudumu yakagusa lami. "Bon," alisema. "Nikirudi naona, nitaangalia mwenyewe siku ya kurudi. Kama iko vioo, kichwa ya samaki ya kwanza ni yako, mbele ya Faustin na batu yote."

"Na kama iko mayi?"

"Utaandika kwa kitabu kama baba yako aliona mbele yako."

Tulitua pakavu. Alisema hiyo haina maana, hata kwetu kuna mchanga kando ya mto.

Ndani ya jengo Papa alisimama ghafla, watu wa nyuma wakatugonga kwa masanduku. Alikuwa anasikiliza. Juu yetu taa ziliwaka, mikanda ya mizigo ilizunguka, hewa ya baridi ilishuka kutoka darini kama kwenye duka la samaki wa barafu, na hapakuwa na muungurumo wowote. Viatu tu, na watoto, na sauti ya mwanamke katika kipaza sauti.

"Groupe yao iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna groupe."

"Wameficha mbali."

"Hakuna, Papa. Ni jua."

Niseme ukweli, mimi mwenyewe nilisikia kitu kama kizunguzungu. Nimesoma na kuandika maisha yangu yote pembeni ya injini, nimejifunza kusimama katikati ya sentensi pale inapokohoa. Hapa mwanga ulikuwa umekaa tu, bila kelele na bila kujisifu, kama mtu tajiri tangu zamani. Nilitamani kuketi sakafuni niandike ukurasa mmoja.

Nje alitungoja dereva wa nyumba ya wageni ya hospitali, bwana mwembamba mwenye masharubu, akiwa na kibao chenye jina letu. Aliitwa Thomas. Papa alifurahi kukuta jina la mtume mbali hivyo. Gari lilikuwa chini ya paa refu, na paa lenyewe lilikuwa paneli: juu jua linafanya kazi, chini magari yamelala kivulini. Nilimweleza Papa, naye akaniomba nimuulize Thomas swali moja tu, bila kuongeza langu. Ziwa hili lina samaki gani?

Nilitafsiri kwa Kiingereza changu cha kukopa. Thomas alidhani mgeni ana njaa na anauliza habari za vyakula vya kwao. Uso ukamng'aa. Akasema samaki bora wa hapa ni mmoja wa madoadoa, hupakwa viungo, hufungwa ndani ya jani la mgomba na kuokwa. Nikaeleza kwa uaminifu, na huo ndio ulikuwa msiba wangu.

"Liboke," Papa alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayefunga faili. "Wanapika na liboke, ndani ya jani kama sisi. Na weye unaniambia hakuna mayi."

Njiani aliuliza jambo jingine: hayo majua, usiku yanakula nini? Thomas alieleza kwamba mchana uwanja unapata umeme zaidi ya unaoutumia, unaupeleka mjini kwa nyaya. Usiku mji unaurudishia. Papa aliitikia kwa kichwa, akasema hilo analielewa vizuri kuliko yeye anayelieleza. Kwenye miti, nasa yako ikijaa unampa jirani ambaye yake ni tupu, na kesho mkondo ukihama anakupa yeye. Thomas akauliza baba anasema nini. Nikamwambia anasema sawa.

Kitambaa

Ya hospitali nitayafupisha, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa kungoja. Asubuhi ya upasuaji Papa alikuwa amevaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni, jambo alilolichukia kuliko kisu. Aliniita karibu.

"Kama haitafanya," alisema, "kichwa ni yako. Siwezi bishana na mutu anaona."

Nilishika vidole vyake vyenye makovu ya kekele mpaka wakaja na kitanda cha magurudumu.

Kesho yake daktari, mama mfupi mwenye mikono ya baridi, alikivua kitambaa kilichomfunika jicho. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, likitoa machozi. Papa alilipepesa, akatazama ukuta, dirisha, kisha mimi. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha njia panda.

"Nywele ulikata lini?"

Nilizikata miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Nilianza kulia, naye akasema haziko mbaya sana, zitaota.

Jicho la kushoto waliliacha. Daktari alisema tusubiri, labda siku nyingine, labda kamwe, na hatatoa ahadi. Papa alisema mti mmoja ukisimama vizuri hata nasa mbili zinaning'inia.

Kochi, mara ya pili

Siku ya kuondoka Thomas alitaka kutupeleka kwanza ufukweni tuone nyavu kubwa za kule, zinazoinuliwa kwa magogo na kamba. Nilidhani mvuvi angeruka kwa furaha. Papa alisema nyavu zitamsamehe, ana kesi.

Alivaa miwani myeusi ya hospitali. Thomas, aliyekwisha kujua habari za kichwa cha samaki na kuzipenda sana, alipita barabara ya kando ya uwanja, akasimamisha gari pale uzio unapokaribia shamba la paneli. Papa alishuka polepole. Akaenda mpaka kwenye waya, akavua miwani.

Zilikuwa pale, safu baada ya safu, zimeegemea upande mmoja kama waumini wanaosikiliza mahubiri. Vioo. Buluu, mistari myembamba ya fedha, miguu ya chuma. Nilianza kulifikiria lile shavu la samaki.

Lakini ndani ya uzio wanawake wawili walikuwa wanaosha paneli kwa mpira mrefu wa maji. Maji yalitelemka juu ya vioo, yakadondoka ukingoni kama mvua kutoka paa la bati, na chini yake, kwenye kivuli ambako mimi nilitarajia vumbi, kulikuwa na bustani: maboga, maharage marefu yaliyokwea vijiti, na matuta ya majani ambayo mtu wa Kisangani angeyatambua hata usingizini. Bitekuteku. Mchicha wetu wenyewe, umenona, unakunywa maji ya kuogea ya umeme. Thomas alisema mboga hizo huuzwa, na watu huzipenda.

Papa aliingiza mkono kwenye tundu la waya, akagusa jani lililokuwa karibu, akautoa ukiwa umelowa. Akaonja kidole.

"Mayi," alisema.

"Ya kuoshea, Papa."

"Mayi ya kuoshea iko mayi. Mi nilisema mayi. Sikusema ya kufanya nini."

"Ulisema tunashuka juu yake!"

"Thomas," alimwita kwa Kiswahili, "huyu mutoto ni mugumu." Thomas aliitikia kwa kichwa, akiwa hajaelewa chochote, na nikaona wanaume wawili wamekwisha kuwa upande mmoja. Nikamkumbusha Papa kwamba yule mtume mwenye jina la Thomas naye hakuamini mpaka alipogusa. Akajibu kwamba yeye amegusa, na amegusa maji.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akautazama uwanja. "Vioo," alisema. Akahamisha kiganja, akafunika la kulia, akatazama na lile bovu. Alikaa hivyo kwa muda. Uso wake ulilainika, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyowahi kuishi.

"Mayi," alisema taratibu. "Angalia vile inalala."

Akarudia. Vioo. Mayi. Vioo. Mayi. Wale wanawake wakaacha kuosha wakamtazama, na mmoja akampungia mpira. Mimi nilisimama pale na maneno yangu yote mazuri, na sikuwa na hata moja lililozidi yale mawili.

Tukakubaliana kesi ihamie Wagenia.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa kwepesi, isipokuwa Addis Ababa, ambako Papa aliziona ngazi zinazotembea kwa mara ya kwanza, akayaona meno yake yanavyomeza chuma, akakataa katakata kuzikanyaga. Tulizunguka jengo zima kutafuta lifti. Yule mfanyakazi wa usafi alitusalimu kwa huzuni.

Asubuhi baada ya kufika tulishuka mtoni, ukoo wote nyuma yetu. Mto ulikuwa unanguruma kama kawaida yake, groupe isiyozimika. Papa alisimama juu ya jiwe lake, akautazama mti mmoja baada ya mwingine, akitembeza jicho kutoka chini hadi kileleni. Tonton Faustin alikuwa juu, ananyoosha mikono kama mtu anayengoja kupigiwa makofi.

"Faustin," Papa alisema. "Hii ndiyo kamba nilikuwa nasikia?"

Mafundo yalikuwa aibu, tuseme ukweli. Mengine yalifungwa kwa nailoni. Tonton alishuka akidai kwamba kaka yake alipokuwa haoni kulikuwa na amani. Daktari amemkataza Papa kupanda mpaka jicho lipone kabisa, na yeye ametii kwa namna yake: alifungua mafundo ya chini akayafunga upya, mguu mmoja juu ya jiwe, mguu mmoja juu ya mti wa kwanza. Mama alimwona, akageuka upande mwingine, akajifanya anaita kuku.

Nasa ya jioni ilitoa kapitene, samaki mkubwa. Mama alimpika na pili-pili na mafuta ya mawese, lituma pembeni, akaweka sahani mlangoni ambako kuna mwanga. Kichwa kilikuwa juu, mdomo wazi. Watu wote walikuwa wameshaisikia kesi kwa mdomo wa Papa, ndiyo maana kila mmoja alijua kwamba ndege ilishuka juu ya maji na kwamba mimi nabisha. Tonton Faustin, kwa sababu ya mafundo, alinitetea mimi. Shangazi walimtetea Papa. Mama alisema kichwa kitapoa.

Papa alivuta sahani. Kwa kidole gumba alilitoa jicho la kulia la samaki, akaliweka kwenye lituma yangu, mbele ya watu wote.

"Hii yako. Jicho ya kulia iliona uko na haki."

Kisha akatoa la kushoto, akalishika kwa vidole viwili.

"Hii yangu."

Nikamuuliza na kichwa je. Akasema kichwa ni cha mwenye nyumba, tangu lini nyumba imehama? Akalivunja shavu, akalila taratibu, bila haya.

Jicho la samaki, kama hamjawahi kulionja, ni la chumvi, kisha laini, na katikati lina kipunje kigumu kama mbegu. Nilikula langu lote. Papa alikuwa ameshika lake bado. Aligeukia mlangoni, akafumba jicho la kulia, lile zima, na kwa muda akaangalia kule chini mahali mto unapong'aa. Ndipo akalitia mdomoni.